Kurudi kwenye Nyama ya Zamani: Mwongozo wa Kuchunguza Upya Vipande vya Mwili kwa Maradhi ya IgG4

Mchukulie mzee wa miaka 63, mkulima wa mikarafuu kutoka upande wa Wete, anayefika hospitali akiwa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa na mwasho usiomwacha kulala. Altrasaundi inaonesha kichwa cha kongosho kimevimba na mirija ya nyongo imetanuka. Maumivu ni kidogo, na homa hana. Kila aliyemo chumbani anawaza saratani, na watoto wake wameshaanza kuulizana nani ana jamaa Dar es Salaam wa kumpokea mzee. Hapo binti yake anatoa mkobani bahasha iliyochakaa, yenye karatasi ya miaka sita nyuma: mzee aliwahi kutolewa tezi ya mate iliyovimba chini ya taya, ikapimwa, na majibu yakawa uvimbe sugu usio na saratani.

Mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi hiyo. Umekusudiwa madaktari walio wodini na wataalamu wa maabara wa Unguja na Pemba wanaotaka kujua namna ya kurudi kwenye kipande cha nyama kilichokwisha kupimwa, na kukiuliza swali ambalo hakikuulizwa mara ya kwanza.

Maradhi tunayoyatafuta huitwa maradhi yanayohusiana na IgG4. IgG ndiyo kingamwili iliyo nyingi zaidi katika damu, nayo ina matabaka manne. La nne, IgG4, ndilo dogo kuliko yote, na kwa kawaida halifiki asilimia 5 ya IgG yote. Katika maradhi haya kinga ya mwili hujaza kiungo seli za limfu na seli za plazma zinazotengeneza IgG4, kisha huacha kovu gumu ambalo huvimbisha kiungo, huziba mirija na hatimaye hukiua kiungo chenyewe. Kongosho, mirija ya nyongo, tezi za mate na za machozi, figo, mapafu, aota na eneo la nyuma ya utando wa tumbo ndiyo makao yake makubwa, na wagonjwa wengi ni wanaume waliovuka miaka 50. Tabia yake inayotatanisha ni kwamba viungo havishikwi kwa pamoja: tezi inaweza kuvimba leo, na kongosho likafuata baada ya miaka mingi, kwa daktari mwengine na katika hospitali nyengine.

Kwa muda mrefu kila kiungo kilikuwa na jina lake. Tezi za mate na machozi zilizovimba pamoja ziliitwa kwa jina la Mikulicz tangu 1892. Uvimbe mgumu wa tezi ya chini ya taya ukapewa jina la Küttner, na ugumu wa tezi ya koo jina la Riedel, yote mawili mwaka 1896. Kovu la nyuma ya tumbo likahusishwa na Ormond mwaka 1948. Ni mwaka 2001 tu ambapo madaktari wa Japani walionesha kwamba wagonjwa wa aina fulani ya uvimbe wa kongosho walikuwa na IgG4 nyingi katika damu, na mwaka 2003 ikapendekezwa kwamba haya ni maradhi ya mwili mzima. Vigezo vya kuyasoma chini ya hadubini, vilivyotokana na mkutano wa wataalamu mjini Boston, vilichapishwa mwaka 2012. Kwa hiyo mtu aliyeandika "uvimbe sugu" katika ripoti ya zamani huenda hakukosea hata kidogo. Aliandika alichokiona, kwa jina lililokuwapo na kwa rangi alizokuwa nazo mezani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kuna swali

Usiombe bloku ya zamani, yaani nyama iliyohifadhiwa ndani ya nta, kwa sababu tu ipo. Omba pale mgonjwa wa leo ana kiungo kilichovimba au kukaza bila ya sababu iliyothibitika, na historia yake ina kiungo kingine kilichowahi kukatwa au kuchomwa sindano ya nyama. Maneno ya kutafuta katika ripoti za zamani ni kama haya: uvimbe sugu wa tezi ya mate wenye kovu, uvimbe wa Küttner, uvimbe bandia unaofanana na saratani, kongosho sugu, kovu la nyuma ya tumbo, mtoki uliojaa seli za plazma, na ile sentensi ambayo kila mwanapatholojia amewahi kuiandika akiwa amechoka, kwamba mabadiliko si mahususi.

Wakati huohuo, zuia mkono unaotaka kuandika prednisoloni. Maradhi haya huyeyuka vizuri kwa dawa za steroidi, na hicho ndicho kishawishi. Lakini limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, nayo hunywea kwa muda kwa dawa hizohizo, kisha hurudi, na nyama itakayochukuliwa baada ya hapo haisomeki tena sawasawa. Mgonjwa mwenye manjano anaweza kuwekewa mrija wa kupitisha nyongo ili apate nafuu huku nyama ikisomwa. Nyama isomwe kwanza, steroidi zifuate.

Hatua ya pili: tafuta bloku

Hatua hii vitabu huiandika kwa mstari mmoja, na mimi naona ndiyo inayokula siku nyingi kuliko zote zilizobaki zikijumlishwa.

Kwanza elewa unachokitafuta. Nyama iliyotolewa huwekwa katika fomalini, hukaushwa maji kwa spiriti, hujazwa nta ya parafini na kugandishwa kuwa bloku ndogo inayoenea kiganjani. Kutokana na bloku hukatwa mikato myembamba inayobandikwa kwenye slaidi za kioo na kutiwa rangi. Slaidi hupauka na huvunjika, lakini bloku iliyohifadhiwa vizuri hudumu kwa miongo mingi na protini zake zikabaki za kutosha kutiwa rangi ya kingamwili, yaani rangi inayobebwa na kingamwili ya maabara hadi kwenye protini inayotafutwa. Kwa hiyo unatafuta bloku, na slaidi za zamani pia ukizipata. Nyama iliyobaki kwenye chupa ya fomalini kwa miaka ni ya mwisho kutegemewa, kwa sababu fomalini ya muda mrefu hufunga protini kiasi kwamba kingamwili hazizifikii tena.

Sasa njoo kwenye majina. Mzanzibari huandikwa jina lake, la baba na la babu, na katika daftari moja unaweza kumkuta Juma Khamis Juma watatu, kila mmoja na shehia yake. Khamis huandikwa pia Hamis na Hamisi. Fatma huwa Fatuma. Mwanakhamis huunganishwa au hutenganishwa kulingana na karani wa siku ile. Na bibi mmoja anaweza kuwa ameandikishwa kwa jina la nyumbani ambalo halimo katika kitambulisho chake. Umri wa wazee mara nyingi ni wa kukisia, hivyo usimkatae mtu kwa sababu karatasi ina miaka 55 na hesabu yako inataka 57. Kinachounganisha mtu na bloku ni namba ya patholojia iliyoandikwa kwenye ripoti na kwenye ukingo wa bloku yenyewe. Ukikosa namba, tumia mambo matatu kwa pamoja: jina la watatu, shehia au kijiji, na kiungo kilichotolewa pamoja na mwezi wa upasuaji. Mawili hayatoshi. Ukimpa mtu nyama ya mwenzake, kila kitu kitakachofuata, hata kikifanywa kwa ustadi gani, kitakuwa ni upotofu wenye mihuri.

Waulize jamaa, na uwaulize kwa upole na kwa maneno yanayoeleweka. Kumwambia mzee, "Baba, ile nyama iliyotolewa shingoni mwako huenda bado imehifadhiwa, na tunataka kuitazama tena kabla hatujakukata upya, unakumbuka ulipelekwa wapi, na nani alipokea majibu?" huleta zaidi kuliko kumuuliza kama ana rikodi za histopatholojia. Katika nyumba zetu karatasi za hospitali hukaa kabatini pamoja na hati za shamba na vyeti vya ndoa, na mara nyingi anayejua zilipo ni mke au binti. Uliza pia kama kipande kilivuka bahari. Kilichotolewa Pemba kinaweza kuwa kilisomwa Unguja, au Muhimbili, au India kwa waliopelekwa huko kutibiwa, na maabara iliyokisoma ndiyo kwa kawaida iliyobaki na bloku.

Ukilifikia kabati lenyewe, tazama hali yake kabla ya kuvuta droo. Parafini ya maabara nyingi huyeyuka kwenye nyuzi joto 56 hadi 58 hivi, hivyo chumba cha kawaida hakiiyeyushi, lakini joto la kaskazi chini ya bati huilegeza na kuzifanya bloku zigandane. Unyevu wa masika huotesha ukungu kwenye nyama iliyo wazi usoni mwa bloku, na panya na mende huitafuna nta. Niliwahi kuonyeshwa boksi zima la bloku ambazo namba zake zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa maji. Nyama ilikuwa nzima, lakini haikuwa tena ya mtu yeyote. Tangu siku ile siandiki namba ila kwa penseli.

Bloku inapotoka, iandikwe kwenye daftari la kutolea: tarehe, namba, idadi, anayeichukua na maabara inakokwenda. Kama kiungo kina bloku kadhaa, toa iliyo bora na uache nyingine nyumbani. Uchunguzi upya kwa ajili ya matibabu ya mgonjwa huyu hufanyika kwa maombi ya daktari wake na kwa ridhaa yake. Ukitaka kukusanya bloku za wagonjwa wengi kwa ajili ya utafiti, hilo ni jambo jengine, na linahitaji idhini ya maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar.

Hatua ya tatu: soma slaidi ya zamani kabla ya kukata mpya

Rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini hubeba zaidi ya nusu ya jibu, nayo tayari imelipiwa. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni msongamano wa seli za limfu na seli za plazma, mara nyingi pamoja na eosinofili chache, seli za kinga zinazojitokeza sana kwenye mzio na minyoo. La pili ni kovu lenye mpangilio wa mkeka. Neno wanalolitumia wanapatholojia kwa mpangilio huo limetokana na neno la Kilatini la mkeka uliosukwa, na kwa msomaji wa Kizanzibari hakuna mfano ulio karibu zaidi: tazama chini ya kikapu cha ukindu, pale nyuzi zinapoanzia katikati na kutawanyika huku zikipishana, ndivyo nyuzi za kolajeni na seli zake zinavyozunguka. Kovu lililolala kwa mistari iliyonyooka kama kamba za boti halihesabiki. La tatu ni vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, iliyozibwa na seli hizohizo za limfu na plazma. Vena hii hujificha. Unaiona ateri peke yake, nzima, na pembeni yake pana kijidonge cha seli kisicho na tundu, na hapo ndipo vena ilipokuwa. Ateri isiyo na mwenzake ni alama ya kukufanya usimame.

Kwa viungo vingi panahitajika mawili kati ya matatu haya. Tezi za machozi, tezi ndogo za mate na mitoki hazifuati sheria hiyo vizuri, kwa kuwa kovu la mkeka na vena iliyoziba ni adimu humo. Ndiyo maana mtoki peke yake haufai kusimamisha utambuzi wa maradhi haya.

Tafuta pia visivyotakiwa kuwepo: neutrofili nyingi (seli za usaha), nyama iliyokufa, granuloma (vinundu vya seli za kinga), seli kubwa zenye viini vingi. Ukivikuta, punguza kasi. Havifungi mlango kabisa, lakini vinataka maelezo mengine yatafutwe kwanza.

Hatua ya nne: kata kwa ubahili

Bloku ya zamani ni mali isiyozalishwa tena. Ipoze juu ya barafu yenye maji kwa dakika kadhaa ili nyama iliyokauka inywe unyevu kidogo, kisha pangilia uso wake sambamba na kisu kabla ya kuanza kukata, kwa sababu mashine nyengine na pembe nyengine huweza kula nusu ya biopsi ya sindano katika kusawazisha tu. Kata mikato yote kwa mkupuo mmoja: mmoja wa rangi ya kawaida mwanzoni, mmoja mwishoni, na kati yao kumi hadi kumi na miwili isiyotiwa rangi, yenye unene wa maikromita 3 hadi 4, kwenye slaidi zenye chaji ambazo nyama haibanduki juu yake. Mkato wa mwanzo na wa mwisho vitakuambia kama lile unalolitafuta bado lilikuwepo katikati.

Kama rangi za kingamwili hazipatikani hapo ulipo, peleka bloku yenyewe, au kata na usafirishe bila ya kuchelewa. Protini ndani ya bloku zimekingwa na nta. Juu ya slaidi iliyokwisha kukatwa huanza kuchakaa ndani ya wiki na miezi. Kuvuka kwa boti hadi Dar es Salaam hakudhuru kitu ikiwa bloku imefungwa kwa pamba au plastiki yenye mapovu, ndani ya boksi gumu, na ikabebwa mkononi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ndiyo adui.

Hatua ya tano: rangi zinazohitajika

Tatu ni za lazima: kingamwili ya IgG4, kingamwili ya IgG, na rangi ya nyuzi za elastini ambayo hufichua ukuta wa vena iliyomezwa na kovu. Ongeza Ziehl-Neelsen kwa kifua kikuu na, palipo na shaka ya limfoma, kingamwili za kutenganisha seli za B na T pamoja na minyororo ya kappa na lambda, aina mbili za vipande vinavyounda kingamwili, kwa sababu seli za plazma za maradhi haya hutengeneza minyororo yote miwili, ilhali za limfoma huegemea upande mmoja.

Slaidi ya kulinganishia isikosekane. Tonsili iliyotolewa kwa kawaida inafaa, maana ndani yake mna seli za plazma za IgG nyingi na za IgG4 chache. Rangi ya IgG huwa chafu zaidi, kwa kuwa majimaji ya damu yaliyobaki kati ya seli nayo yana IgG na hupakika. Ikichafuka kiasi cha kutohesabika, maabara nyengine hutumia CD138 kuhesabu seli zote za plazma badala yake. Tahadhari moja ya kwetu: fomalini isiyowekewa bafa huchachuka, hasa kwenye joto, na huacha chembe za kahawia iliyokoza juu ya nyama. Rangi ya kingamwili nayo ni ya kahawia. Tofauti ni kwamba chembe za fomalini hazikai ndani ya seli, na utaziona pia kwenye slaidi ambayo haikutiwa kingamwili yoyote. Kwa hiyo tia daima slaidi moja bila ya kingamwili ya kwanza, hata kama vifaa ni haba.

Hatua ya sita: hesabu, na eleza ulivyohesabu

Kwa lenzi ya mara 40, chagua sehemu tatu zenye seli nyingi zaidi za IgG4, hesabu seli katika kila uwanja wa kuonea, na uchukue wastani. Katika nyanja hizohizo hesabu seli za IgG. Tuseme kwenye tezi ya mzee wetu umepata seli za IgG4 128, 104 na 95. Wastani ni 109. Za IgG ni 190, 171 na 160. Wastani ni karibu 174. Uwiano ni asilimia 63.

Uwiano unaotakiwa ni zaidi ya asilimia 40 kwa kila kiungo. Idadi hutofautiana: kwa tezi za mate na za machozi ni zaidi ya 100 kwa uwanja, kongosho lililokatwa kwa upasuaji zaidi ya 50, na la sindano zaidi ya 10, figo iliyokatwa zaidi ya 30, na ya sindano zaidi ya 10, pafu lililokatwa zaidi ya 50, na la sindano zaidi ya 20, kovu la nyuma ya tumbo zaidi ya 30, aota zaidi ya 50, ngozi zaidi ya 200.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Uwanja wa hadubini moja si sawa na wa nyengine. Lenzi ya macho yenye namba 22, ikitumiwa na lenzi ya mara 40, huonesha duara lenye kipenyo cha milimita 0.55, yaani eneo la karibu milimita za mraba 0.24. Yenye namba 18 huonesha kipenyo cha 0.45 na eneo la 0.16. Nyama ni ileile, seli ni zilezile, lakini hadubini ya kwanza itakupa hesabu kubwa mara moja na nusu. Andika namba ya lenzi yako kwenye ripoti, na bora zaidi, andika pia hesabu kwa milimita ya mraba.

Na kovu linapokomaa, seli hupungua. Bloku ya kiungo kilichokauka kabisa inaweza kuwa na seli chache za IgG4 huku kovu la mkeka na vena zilizoziba zikiwa wazi. Kwa hali hiyo uwiano husema zaidi kuliko idadi, na umbo la nyama husema zaidi kuliko vyote viwili. Nimeona ripoti zinazoanza na kuishia kwenye namba, bila neno moja juu ya kovu. Ripoti hizo hazina thamani, kwa sababu seli za IgG4 huweza kukusanyika pia pembeni mwa saratani, katika vasikulitisi (uvimbe wa kuta za mishipa ya damu), na katika madonda ya kawaida ya mdomoni.

Hatua ya saba: ondoa vinavyofanana, ukianza na vya kwetu

Vigezo vingi vya maradhi haya vimeandikwa na watu wa nchi ambazo kichocho hukisoma kitabuni tu. Sisi tunaishi nacho. Kichocho cha njia ya mkojo hukaza na kuziba mirija itokayo kwenye figo, huacha kovu, na huita eosinofili kwa wingi. Picha ya altrasaundi ya figo zilizojaa maji inaweza kufanana na ya kovu la nyuma ya tumbo. Kwa kila nyama inayotoka kwenye mrija wa mkojo, kibofu au jirani yake, kata mikato ya ngazi kadhaa na utafute mayai yenye mwiba mwishoni, hata yaliyogeuka chokaa, kabla hujataja IgG4.

Minyoo ya muda mrefu ina hila nyengine. Kinga ya mwili hujibu minyoo kwa kutengeneza IgG4, hivyo kiwango chake katika damu kilichozidi miligramu 135 kwa desilita, ambacho kwengineko huhesabiwa kuwa dalili nzuri, kwa mgonjwa wa shamba aliyezoea kuoga mtoni kina uzito mdogo zaidi. Hata huko kwengineko, wagonjwa wasiopungua mmoja kati ya watano huwa na kiwango cha kawaida. Pima damu, lakini usiiruhusu ishinde nyama.

Kifua kikuu kinafuata. Mtoki wenye granuloma au nyama iliyooza kama jibini ni kifua kikuu hadi ithibitike vyengine, na Ziehl-Neelsen isiyoonesha kitu haimaanishi hakuna bakteria. Inafaa kukumbuka kwamba kupaka nyama kingamwili kutafuta bakteria hao si jambo geni Zanzibar: watafiti katika Hospitali ya Mnazi Mmoja walitumia njia hiyo kutafuta protini ya MPT64 katika vipande vya kifua kikuu cha nje ya mapafu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018.

Saratani ya kongosho, limfoma, maradhi ya Castleman (yanayokuza mitoki), kaswende na vasikulitisi ya ANCA (kingamwili zinazoshambulia seli za mwili wenyewe) vyote lazima vipewe nafasi ya kukanushwa, kila kimoja kwa kipimo chake. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vimepangwa hivyo makusudi: kwanza kiungo kinachostahiki, pili orodha ndefu ya mambo ya kuondoa, na mwisho tu ndipo alama hujumlishwa, zikihitajika 20 au zaidi.

Hatua ya nane: ripoti, kisha dawa

Andika ripoti ya nyongeza yenye tarehe ya leo, ikitaja namba ya bloku, tarehe nyama ilipotolewa na sababu ya kusomwa upya. Usiandike "ana" wala "hana". Tumia ngazi tatu: nyama inaashiria kwa nguvu maradhi ya IgG4, pale umbo na hesabu vyote vimetimia; inawezekana, pale hesabu ipo lakini umbo ni moja tu; haitoshi, kwa yaliyobaki. Ngazi ya pili inahitaji ushahidi kutoka kwa kiungo kingine au damu. Tezi ya zamani iliyoashiria kwa nguvu humpa daktari sababu ya kulitazama kongosho la leo kwa jicho jengine, lakini haimhakikishii kwamba kongosho halina saratani. Palipo na donge linaloweza kufikiwa kwa sindano, sindano bado inahitajika.

Ikiwa yote yamekubaliana, matibabu ya kuanzia ni prednisoloni, kwa kawaida miligramu 30 hadi 40 kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, kisha kupunguzwa polepole. Kabla ya kidonge cha kwanza, pima sukari, homa ya ini aina ya B, na kifua kikuu, na mpe mgonjwa dawa ya Strongyloides au uthibitishe hana. Mnyoo huyu yupo visiwani kwetu, na ndani ya mwili uliodhoofishwa kwa steroidi huzaana bila kizuizi na kuua. Kwa walio Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Chake Chake imekuwa ikishughulika na minyoo kwa zaidi ya miaka 20, na ni mahali pa kuuliza juu ya kipimo kinachofaa.

Mweleze mzee na watoto wake kwamba maradhi haya hurudi kwa wengi dawa ikipunguzwa, kwamba macho ya manjano au uvimbe mpya chini ya taya ni sababu ya kuja siku hiyohiyo, na kwamba ile bahasha irudi kabatini ikiwa na karatasi mbili sasa.

Bloku nayo irudi kwenye droo yake. Igandishe nta mpya juu ya uso uliokatwa ili nyama isikauke, itie sahihi ya kurudishwa kwenye daftari, na kwenye mstari wa mwaka ule wa zamani usifute neno la aliyetangulia. Andika pembeni, kwa penseli, namba ya ripoti mpya.